Hodari, Chakula Kamili cha Mlinzi

Nchi ninayoisimulia haina jina kwa sasa. Jina lake lilipelekwa kwenye kamati ili lifupishwe, na kamati hiyo haijarudi. Wananchi wake huiita "hapa", na wakiwa safarini huiita "kule". Hakuna barua iliyopotea kwa sababu hiyo, kwa kuwa barua zetu hupotea kwa sababu nyingine. Ni nchi nzuri. Ninyi mnaosoma mnaishi katika nchi zenye majina, ambako mambo kama haya hayatokei, kwa hiyo nitayaeleza polepole.

Mimi ni Yeremia Singo. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa Mkaguzi wa Viambato, Daraja la Pili, katika Idara ya Ulaji Sahihi. Kiambato ni kila kitu kilichomo ndani ya chakula, kiwe kimetiwa kwa kukusudia au kimeingia chenyewe. Nilianza Idarani nikiwa mfagiaji. Jioni nilisoma masomo ya watu wazima katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya soko, nikikalia madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nilisoma miaka saba, nikapata cheti. Mwalimu wetu wa lugha alikuwa na sheria moja tu: neno lisilofanya kazi lifutwe. Nililipenda somo hilo kuliko yote. Hata barua niliyomposea marehemu mke wangu ilikuwa na maneno manne, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya kuomba jibu.

Dawati langu nililikalia pamoja na Ndaro Mashauri, mlinzi wa lango la Idara. Ndaro aliacha masomo mwezi wa tatu. Jioni moja alipokuwa darasani akijifunza kusoma neno "lango", lango lenyewe liliibwa. Alisamehewa, lakini shuleni hakurudi. Tangu hapo, kila asubuhi alinifungulia lango jipya akiniuliza, "Bwana Singo, umelala na vitabu?" Nami nilimjibu, "Kama wewe ulivyolala na bawaba." Tulicheka hivyo zaidi ya miaka ishirini, na utani haukuchuja.

*

Sasa lazima nieleze habari ya neno moja. Katika nchi hiyo neno "mbwa" limekatazwa katika maandishi yote ya Serikali. Siku moja bungeni, wakati wa mjadala wa mifugo, mbunge mmoja alilitamka bila kumtazama mtu, na mawaziri watatu wakasimama kudai waombwe radhi. Ukatolewa Waraka Namba Kumi na Mbili. Ng'ombe akaruhusiwa, mbuzi akaruhusiwa, punda akaruhusiwa kwa kibali, lakini mnyama yule ikaamriwa aandikwe "mlinzi wa miguu minne". Mitaani watu waliendelea kusema watakavyo. Serikali haipiti mitaani.

Basi mwaka mmoja Ikulu ililetewa walinzi wa miguu minne arobaini, zawadi ya nchi rafiki, wakubwa kama ndama. Pamoja nao yalikuja makontena ya chakula chao cha makopo, kiitwacho Hodari. Kisheria, hakuna chakula kinachotoka bandarini kabla Idara yetu haijakifanyia tathmini, na faili likaletwa mezani kwangu. Nilifurahi mno. Kwa miaka tisa nilikuwa nimekabidhiwa chumvi. Chumvi ina kiambato kimoja, na mtu hawezi kupanda cheo kwa kiambato kimoja.

*

Kanuni zinasema tathmini ina sehemu mbili, kusoma na kuonja. Tulikutana watu watano katika ukumbi mdogo. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, na kila mjumbe alikuwa na kijiko chake na glasi ya maji ya kusukutulia. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi Mkuu, Daktari Kitwana Fumbwe, ambaye udaktari wake aliupata katika Gazeti la Serikali, ukurasa wa matangazo.

Nilisimama nikasoma orodha ya viambato, huku nikiitafsiri.

"Nyama na vitokanavyo na nyama."

"Nyama ya mnyama gani?" akauliza Mkurugenzi.

"Haikutajwa, Mheshimiwa. Niliwaandikia wenye kiwanda. Wamejibu kwamba inategemea siku."

"Wana ratiba. Vizuri sana. Endelea."

"Nafaka. Vitokanavyo na mboga. Unga wa mifupa. Mafuta. Rangi nyekundu."

"Rangi ya nini?" akauliza mjumbe wa takwimu. "Yule mnyama anajali rangi?"

"Hajali. Rangi ni ya kumpendeza anayenunua, siyo anayekula."

"Kama hotuba," akasema mjumbe wa takwimu, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

"Majivu, asilimia saba."

Mkurugenzi akaweka kalamu chini.

"Majivu ya kuni gani?"

"Hawakutia majivu, Mheshimiwa. Hicho ni kipimo cha madini yaliyomo. Ukikichoma chakula chote mpaka kiishe, majivu yanayobaki ni asilimia saba."

"Na sisi tunakichoma kwa nini?"

"Hatukichomi."

"Basi hakina majivu."

Ikaandikwa katika muhtasari kwamba Hodari hakina majivu, mradi kisichomwe.

Tukaingia kwenye kuonja. Mkurugenzi alijitoa kwa sababu ya meno. Wajumbe watatu walifumba macho wakameza, maana walikuwa na watoto wanaosoma. Mimi nilikitia kijiko mdomoni, nikageuka kama mtu anayetaka kupiga chafya, nikakitema chote kwenye leso. Halafu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Harufu: ya kuvutia. Ladha: ya kuridhisha. Baada ya kumeza: hakuna malalamiko." Sikuwa nimemeza. Hilo ni kosa langu la kwanza, na kati ya makosa yangu ndilo dogo.

*

Ripoti ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Jumamosi nzima nilikaa nayo. Maneno "wa miguu minne" yalikuwemo mara sitini na moja. Mlinzi wa miguu minne apewe hiki, mlinzi wa miguu minne asipewe kile, miguu, miguu, mpaka nikahisi nasoma nikiwa zizini. Nikamkumbuka mwalimu wangu. Kila msomaji anajua tunamzungumzia nani, nikajiambia, sasa miguu hii ina kazi gani? Nikachukua rula na wino mwekundu, nikaifuta. Nilifuta miguu ya watu mara sitini na moja, na kila nilipofuta nilijisikia msomi.

Mwisho wa ripoti palibaki sentensi hii: "Hodari ni chakula kamili cha mlinzi." Ilikuwa safi hata nikaisoma kwa sauti nikiwa peke yangu.

"Singo," Mkurugenzi aliniambia Jumatatu, "hii ndiyo ripoti ya kwanza kuifikia mwisho." Ni kweli aliufikia mwisho. Alianzia hapo.

Kwa kuwa lebo ya kigeni ilikuwa na picha ya mnyama yule, na picha ile nayo ilihesabiwa kuwa ni neno, Mpigachapa wa Serikali alichapa lebo mpya kwa kufuata ripoti yangu. HODARI. CHAKULA KAMILI CHA MLINZI. Huimarisha meno. Hung'arisha nywele. Mlinzi wa kilo thelathini: kopo moja kwa siku. Mlinzi mwenye mimba: aongezewe. Maji ya kunywa yawekwe karibu naye.

Lebo ya asili iliandikwa "manyoya". Nikaweka "nywele", kwa kuwa ni fupi zaidi.

*

Makontena yalitoka bandarini na karatasi yangu. Karani wa bohari alisoma "cha mlinzi", akafanya alivyopaswa kufanya karani mwaminifu: akayapeleka kwenye Kurugenzi ya Malango, yenye walinzi elfu mbili na mia tatu, wote wa miguu miwili. Mpaka siku hiyo mgao wao ulikuwa bakuli moja la uji, saa sita mchana. Uji ukakosa wanywaji. Ukapelekwa Ikulu kwa wale arobaini, ambao hawakuwa na chakula chochote kilichoandikwa jina lao.

Walinzi wakapimwa uzito kwenye mizani ya kahawa. Mwenye kilo sitini akapata makopo mawili. Mlinzi mmoja mwanamke aliulizwa mbele ya foleni nzima kama ana mimba.

"Nikiwa nayo kuna nini?" akauliza.

"Kopo la tatu."

"Andika ninayo."

Baada ya wiki tatu wale arobaini wa Ikulu waliacha kubweka. Taarifa ya usalama ya mwezi huo ilisema kwamba utulivu umeongezeka.

Mimi nilipata habari siku ya Jumatano. Ndaro alinisubiri langoni, kopo mkononi, uso umejaa furaha.

"Bwana Singo! Kumbe ni sahihi yako."

"Sahihi gani?"

"Iliyotuletea nyama. Nyamaza, ngoja nikusomee. Usinisaidie." Akaliinua kopo, kidole kikatembea chini ya herufi. "Cha-ku-la. Ka-mi-li. Cha. M-li-nzi." Akanitazama. "Umeona? Yule mwizi wa lango hakuniibia yote."

Nilifumbua mdomo. Ndaro aliendelea.

"Miaka thelathini na moja niko hapa. Kile kiti ni cha mgeni. Mwavuli ule ni wa Mkurugenzi. Lile bomba ni la bustani. Choo ni cha watumishi, na mimi nimeambiwa si mtumishi, ni wa mkataba. Sijaona hata siku moja kitu kimeandikwa 'cha mlinzi'. Hiki ndicho cha kwanza, na aliyekiandika ni mtu wa dawati langu."

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Kilichotoka ni, "Hongera."

"Jumapili uje ule kwetu. Mama Sikudhani amesema hataki kusikia udhuru."

*

Walikaa katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama Sikudhani, mke wa Ndaro, alikuwa ametoka hospitali miezi mitatu nyuma, na vidole vyake vilikuwa vyembamba kama njiti. Alitandika mkeka mpya, akaleta maji ya kunawa, kisha akaweka katikati yetu sinia la ugali na bakuli lililofunikwa.

"Karibu, shemeji. Nimekikaangia vitunguu na nyanya, nikatia tui la nazi. Kikiliwa hivihivi kina harufu ya… sijui niiteje."

"Ya ng'ambo," akasema Ndaro.

"Haya, ya ng'ambo. Mimi daktari aliniambia nile nyama, nami nyama nilikuwa naisikia kwa jirani ikikaangwa. Sasa tazama." Akanyoosha mkono wake mwembamba. "Wiki iliyopita nimebeba ndoo kutoka kisimani mpaka hapa. Nusu, lakini nimeibeba."

"Na mimi shika nywele hizi," akasema Ndaro, akainamisha kichwa. "Shika, bwana! Kinyozi ameniuliza napaka nini."

"Muache mgeni ale," akasema mkewe.

"Ale, lakini umwangalie. Huyu bwana kazi yake ni kufuta maneno. Atafuta na sahani."

"Aifute, ndicho ninachotaka. Shemeji, ukibakiza nitajua hukunipenda."

Nilijiambia: sema sasa. Mko watatu, mlango umefungwa, na maneno yenyewe ni machache, wewe ndiye fundi wa maneno machache. Nikamega tonge, nikachovya, nikala. Nisiwafiche, kilikuwa kitamu. Tathmini yangu ilikuwa sahihi, kwa bahati.

"Unasemaje, mkaguzi?" akauliza Mama Sikudhani.

Nikasema, "Chumvi imekaa sawasawa."

Alicheka kwa furaha, akaniongezea bila kuniuliza. Nikala na hicho. Ndaro alinisindikiza mpaka barabarani, akinishukuru njia nzima.

*

Jumatatu nilichukua Fomu ya Marekebisho. Sehemu ya tatu inasema: "Taja neno sahihi." Neno sahihi lilikuwa limekatazwa. Nikaenda kwa Mkurugenzi kwa miguu yangu miwili.

"Mheshimiwa, Hodari hakikuwa cha walinzi hawa."

"Kilikuwa cha nani?"

"Cha yule mwingine."

"Yupi?"

"Yule anayebweka."

"Waziri wa Habari?"

"Hapana, Mheshimiwa. Wa miguu minne."

Akafungua ripoti yangu, ukurasa wa mwisho. "Hapa sioni miguu. Umeandika mlinzi. Mlinzi ana miguu mingapi, Singo?"

"Inategemea, Mheshimiwa."

"Basi ulifanya vyema kutoitaja. Serikali haibagui watu kwa idadi ya miguu." Akaifunga ripoti. "Unataka niende juu niseme kwamba Serikali imewalisha wananchi elfu mbili na mia tatu chakula cha… kitu ambacho huwezi hata kukiandika? Wananchi wenyewe wamenenepa! Kakae uandike cheti. Siku ya Mlinzi imekaribia, na Waziri wa Malango anataka mlinzi mmoja ale Hodari mbele ya taifa. Wewe ndiye utakayesoma sifa za chakula."

"Mlinzi gani?"

"Aliyeongezeka uzito kuliko wote. Ni huyo wetu wa langoni, kilo sita."

Zilibaki siku tisa. Kwa siku tisa nilipita lango lile asubuhi na jioni, na kila mara Ndaro alikuwa na habari mpya. Sare inashonwa. Viatu vimepatikana, vinabana kidogo. Mama Sikudhani amepewa nafasi ya mbele, si mbali na wake wa wakubwa. Ningeweza kumwambia mara kumi na nane. Sikumwambia. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema ambayo ingenitoa nikiwa msafi, na namna hiyo ilikuwa haipatikani, nami nilijidanganya kwamba natafuta lugha nzuri.

*

Uwanja ulijaa watu elfu nane. Walinzi walipita kwa gwaride, nywele zao ziking'aa juani, na nilisikia bibi mmoja akimuuliza mwenzake walinzi hawa wanapaka mafuta gani. Kisha Waziri wa Malango akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Nchi ni nini? Nchi ni lango! Na lango bila mlinzi ni nini? Ni uwazi! Na uwazi, ndugu wananchi, ni adui wa taifa!"

Watu wakapiga makofi kuupinga uwazi.

"Wako wanaouliza, Serikali inawalisha nini walinzi wake. Leo watajionea! Chakula kilichosomwa na wasomi, kikaonjwa na waonjaji, kikamezwa na wamezaji! Mlinzi Bora, kaa ule!"

Ndaro aliketi kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, mgongo umenyooka. Kopo lilifunguliwa mbele yake na brigedia. Akapewa kijiko cha fedha. Pale mbele nilimwona Mama Sikudhani akiwa na kanga mpya, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayepigwa picha.

Nami nikaanza kusoma cheti. Protini, mafuta, madini. Nikaifikia ile sentensi yangu. "Hodari," vipaza sauti vikarudia kutoka kila pembe, "ni chakula kamili cha mlinzi."

Ndaro akachota, akapeleka mdomoni.

"Wa miguu minne," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Mdomo uliozoea kufuta ulianza kurudisha, na ukashindwa kusimama. "Nilifuta miguu minne mwenyewe. Hiki ni chakula cha mbwa."

Ndaro alinitazama. Kijiko kilikuwa bado katikati ya midomo yake. Waziri naye alikuwa anamtazama yeye, na mlinzi hawezi kutema mbele ya Waziri. Akameza. Nilikuwa hatua ishirini kutoka kwake, na mpaka leo naapa nilisikia.

Kwanza mtu mmoja kutoka jukwaa lisilo na kivuli alibweka. Watu wakacheka. Kisha wakabweka kumi, kisha jukwaa zima, mpaka sauti ikawa moja, na walinzi elfu mbili wamesimama katikati ya uwanja kwa mistari iliyonyooka, hawana pa kutazama. Mawaziri wawili walisimama kudai waombwe radhi, lakini hakuna aliyewasikia. Mkurugenzi alininyang'anya kipaza sauti, akapiga kelele kwamba Mkaguzi ametumia lugha ya picha.

Ndaro alikifuta kijiko kwa kitambaa cha meza. Akakilaza kando ya kopo. Akasimama, akampigia Waziri saluti, akageuka kwa hatua za gwaride, akaondoka kwa njia aliyoelekezwa kuingilia.

*

Jioni ile redio ilitangaza kwamba Hodari hakijawahi kuingia nchini, na kwamba waliokila walikila kinadharia. Makopo yaliyobaki yakafukiwa. Walinzi wakarudishiwa uji wao, lakini kwa kuwa wale arobaini wa Ikulu walikuwa wameshauzoea, ukagawanywa nusu kwa nusu. Siku hizi ni nusu bakuli.

Mimi nilistaafishwa kwa heshima na kupewa cheti cha Ufasaha wa Lugha, maana ilionekana kunifunga kungekuwa kukiri kwamba nilisema kitu. Tangu hapo nikipita sokoni watu huacha shughuli zao wanishike mkono. "Huyu ndiye yule mzee aliyesema!" Vijana wa chuo walikuja kuniuliza ujasiri ule niliutoa wapi. Niliwajibu kwa unyenyekevu, na niliyapenda maswali yao. Hilo nalo naliandika.

Ujasiri niliutoa usoni kwa Ndaro. Nilimwambia mbele ya watu elfu nane jambo nililopaswa kumwambia tukiwa watatu, mlango umefungwa. Ningelisema siku ile pale mkekani, angekasirika, angenitukana, labda angenitoa nje kwa mateke, halafu angeamua mwenyewe ale au asile. Mkewe angeamua mwenyewe. Mimi niliwanyima chakula na uamuzi kwa pamoja, nikabaki na sifa. Ndaro bado yuko langoni pale, kwa mkataba. Wapita njia humbwekea. Nimeambiwa huwa anawafungulia lango vilevile.

Nilikaa wiki saba kabla ya kwenda kwake. Nilikwenda mikono mitupu, kwa kuwa sikupata kitu cha kubeba ambacho kisingekuwa tusi. Mama Sikudhani alifungua mlango nusu. Alikuwa ameshika kizingiti, na mkono ule ulikuwa umerudi kuwa mwembamba.

"Shikamoo, shemeji," akasema. Hakuniita ndani.

"Marahaba. Nimekuja kuomba radhi."

"Siku ile ulipokula hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakuongezea."

"Ukaniongezea."

"Ukala na hicho."

"Nikala."

"Kwa nini?"

"Kwa heshima, shemeji."

Alinitazama bila hasira, kama mtu anayejaribu kusoma neno asilolijua. "Heshima ya nani?"

Hilo ndilo swali ambalo nimekaa nalo tangu siku hiyo. Nimelijibu kwa kurasa nyingi, nimefuta, nimeandika tena.

Kutoka ndani sauti ya Ndaro iliuliza, "Nani huyo?"

"Ni Bwana Singo."

Nilisikia kitanda kikilia, kama mtu ameinuka kisha akalala tena.

"Mwambie tumeshakula."

Mama Sikudhani akarudisha mlango taratibu. Ilikuwa saa saba mchana. Jiko lao lilikuwa uani, karibu na miguu yangu. Niliinama nikaligusa, nalo lilikuwa baridi, halijawashwa tangu jana.